Kimya cha Kiendeshi: Namna Kiini cha Kompyuta Kinavyovifanya Vifaa Vyote Vitumike kama Mafaili

1. Utangulizi

Kompyuta yoyote, iwe kubwa ya kujaza chumba au ndogo ya kutiwa mfukoni, ni mkusanyiko wa vifaa visivyofanana. Kibodi hutoa herufi moja moja, tena pale tu mtu anapoibonyeza. Diski hutoa na kupokea data kwa mafungu makubwa, na kila fungu lina mahali pake maalumu. Printa kazi yake kubwa ni kupokea, nacho kipima joto kilichounganishwa na kompyuta kazi yake kubwa ni kutoa. Tofauti hizi si ndogo, kwani zimo katika maumbile ya vifaa vyenyewe.

Hata hivyo, mwanafunzi anayejifunza kuandika programu hatakiwi kuzijua zote. Huandika amri ya kusoma, na data ikaja. Huandika amri ya kuandika, na data ikaenda. Yafaa kuuliza: ni nani anayezificha tofauti hizo? Jibu ni kwamba kazi hiyo hufanywa na kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile sehemu ya programu inayoshika hatamu za mashine nzima, kikisaidiwa na programu ndogo ndogo ziitwazo viendeshi. Kila kifaa kina kiendeshi chake, na kila kiendeshi kina makubaliano na kiini.

Makala haya yanaeleza makubaliano hayo. Yanatilia mkazo jambo moja ambalo kwa muda mrefu lilionekana dogo, nalo ni hili: kiendeshi kikiulizwa jambo ambalo hakikuandikiwa jibu lake, kimya chake kichukuliwe kuwa na maana gani?

2. Asili ya wazo: kifaa ni faili

Mnamo mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kazi iliyozaa mfumo wa uendeshaji uitwao Unix. Mwaka 1974 walichapisha maelezo ya mfumo wao, na humo walitaja aina tatu za mafaili. Aina ya kwanza ni mafaili ya kawaida, yanayotunza maandishi na data katika diski. Ya pili ni saraka, zinazotunza majina ya mafaili mengine. Ya tatu waliiita mafaili maalumu, na kila faili la aina hiyo husimama badala ya kifaa fulani.

Faida ya mpango huo ni kubwa. Kwanza, programu iliyoandikwa kusoma faili la diski yaweza kupewa jina la kifaa na ikafanya kazi bila kubadilishwa. Pili, majina ya vifaa hufuata utaratibu ule ule wa majina ya mafaili. Tatu, ruhusa zinazolinda mafaili, yaani nani asome na nani aandike, hulinda vifaa pia.

Wazo hilo lilirithiwa na mifumo mingi iliyofuata, ukiwamo Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Simu za Android, ambazo zimo mikononi mwa watu wengi wa Afrika Mashariki, huendeshwa na kiini cha Linux. Kwa hiyo jambo linaloelezwa hapa haliko mbali na msomaji.

Katika Linux mafaili ya vifaa hukaa katika saraka iitwayo /dev. Kila faili la kifaa hubeba namba mbili. Namba kubwa hukiambia kiini ni kiendeshi gani kinachohusika, na namba ndogo hukiambia kiendeshi ni kifaa kipi kati ya vile kinavyovihudumia. Kwa mfano, faili liitwalo /dev/null, ambalo humeza kila kinachoandikwa ndani yake, lina namba kubwa 1 na namba ndogo 3. Faili /dev/zero, ambalo hutoa baiti za sifuri bila mwisho, lina namba kubwa hiyo hiyo 1, na namba ndogo 5.

3. Vitendo vitano na maana zake

Programu huzungumza na mafaili kwa vitendo vichache. Vilivyo muhimu ni vitano:

(a) Kufungua: programu hutaja jina la faili, na kiini huirudishia namba ya kulitambulia.

(b) Kusoma: programu huomba idadi fulani ya baiti.

(c) Kuandika: programu hutoa idadi fulani ya baiti.

(d) Kusogeza: programu huhamisha alama ya mahali, yaani kumbukumbu inayoonyesha usomaji au uandishi umefikia baiti ya ngapi.

(e) Kufunga: programu hutangaza kwamba imemaliza.

Vitendo hivi vina manufaa kwa sababu maana zake hazibadiliki. Kibaba cha mchele na kibaba cha mahindi ni kipimo kimoja, ingawa nafaka ni mbalimbali. Mnunuzi hana haja ya kujifunza kipimo kipya kwa kila gunia. Vivyo hivyo, kitendo cha kusoma kina kanuni moja kwa vifaa vyote. Jibu likiwa namba kubwa kuliko sifuri, hiyo ndiyo idadi ya baiti zilizopatikana. Likiwa sifuri, data imekwisha. Likiwa kosa, kiini hutaja namba ya kosa hilo.

Tuseme programu inasoma faili la baiti 10,000, na kila mara inaomba baiti 4,096. Ombi la kwanza litajibiwa 4,096, na la pili pia 4,096. Ombi la tatu litajibiwa 1,808, kwa kuwa ndizo zilizobaki, na la nne litajibiwa 0. Programu iliyoandikwa vizuri haishtuki inapopewa pungufu ya ilichoomba. Huendelea kuomba mpaka ipate sifuri. Programu hiyo hiyo ikielekezwa kwenye kibodi itafanya kazi, maana kibodi nayo hutoa kidogo kidogo, na kanuni ni ile ile.

4. Jedwali la kiendeshi

Kiini chawezaje kujua namna ya kusoma kutoka katika kifaa ambacho mwandishi wa kiini hakupata hata kukiona? Hapa ndipo makubaliano yanapoingia. Kila kiendeshi hukikabidhi kiini jedwali. Katika jedwali hilo kila kitendo kina nafasi yake, na katika kila nafasi mwandishi wa kiendeshi huweka kielekezi cha sehemu ya programu inayotimiza kitendo hicho kwa kifaa chake.

Programu inapoomba kusoma, kiini hutazama ni kiendeshi gani kinachohusika, hufungua jedwali lake, huangalia nafasi ya kusoma, kisha hukabidhi kazi kwa sehemu iliyotajwa hapo. Kiini hakijui printa ni nini wala kipima joto ni nini. Kinalojua ni jedwali.

Jedwali la Linux lina nafasi nyingi kupita vitendo vitano vilivyotajwa, na hakuna kiendeshi kinachozijaza zote. Mwandishi wa kiendeshi cha kipima joto hana sababu ya kushughulika na kuandika, kwa kuwa kipima joto hakiandikwi. Basi nafasi hiyo huiacha tupu. Nafasi tupu ndiyo kimya cha kiendeshi.

5. Kimya kina maana gani?

Katika mila nyingi kimya huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Mchumba akiulizwa akanyamaza, wazee husema amekubali. Lakini katika mambo mengine kimya ni kukataa: mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, hana ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo kimya peke yake hakina maana; maana yake hutokana na kanuni waliyokubaliana watu.

Kiini nacho hakina budi kuwa na kanuni yake. Katika Linux, kiendeshi kisichojaza nafasi ya kusoma huhesabiwa kuwa hakisomeki, na programu inayoomba kusoma hurudishiwa kosa. Nafasi ya amri maalumu za kifaa ikiwa tupu, programu hurudishiwa kosa namba 25. Katika Unix ya zamani maneno ya kosa hilo yalisema kwamba kifaa hicho si taipureta, kwa maana siku hizo watu walizungumza na kompyuta kwa mashine za kupiga chapa. Katika nafasi hizi kimya ni kukataa.

Nafasi ya kufungua ni tofauti: ikiwa tupu, kufungua hufaulu daima. Hapo kimya ni ridhaa, wala hakina madhara, kwa kuwa maana yake ni kwamba kifaa hakihitaji matayarisho yoyote kabla ya kutumika.

Utata ulikuwa katika nafasi ya kusogeza. Kwa miaka mingi, kiendeshi cha Linux kilichoiacha nafasi hiyo tupu kilihesabiwa kuwa kimekubali, isipokuwa kama kilitangaza wakati wa kufunguliwa kwamba kifaa chake hakisogezeki. Kiini kilihamisha alama ya mahali, kisha kikaijibu programu kwamba imefaulu. Kwa diski jibu hilo lina maana. Kwa kipima joto halina, kwani vipimo vyake huja kwa kufuata wakati, wala havikai mahali popote pa kurudiwa.

Madhara yake yanaonekana katika mfano huu. Tuseme programu imeandikwa kusoma vipimo vya joto vilivyotunzwa katika faili la diski, na kila kipimo kina baiti 4. Programu inataka kipimo cha mia moja. Vipimo 99 vinavyotangulia huchukua baiti 396, kwa hiyo programu huomba kusogea mpaka baiti ya 396, kisha husoma baiti 4. Kwa faili la diski, jibu ni sahihi.

Sasa programu hiyo ielekezwe, kwa bahati mbaya, kwenye kipima joto chenyewe. Inaomba kusogea mpaka 396, nacho kiini kinajibu kwamba imefaulu. Inasoma baiti 4, na kiendeshi, ambacho hakiitazami kabisa alama ya mahali, kinatoa joto la dakika ile. Programu inaliandika kuwa ni kipimo cha mia moja. Namba yenyewe ni ya kuaminika, pengine nyuzi 27. Hakuna onyo lililotolewa wala mashine iliyosimama. Aliyeletewa namba hiyo hana dalili yoyote ya kumfanya aitilie shaka.

Katika sayansi kosa la namna hii ni baya kuliko kifaa kinachokataa kufanya kazi. Kifaa kilichokataa hutengenezwa siku ile ile. Namba ya uongo iliyopokewa kwa heshima huingia katika hesabu, hutolewa wastani, na kutoka hapo ni vigumu kuitambua.

6. Kufuli kuu

Utata huo ungeweza kuendelea kwa miaka mingi zaidi kama usingegongana na tatizo jingine. Mwaka 1996 toleo la 2.0 la Linux lilianza kutumika katika mashine zenye prosesa zaidi ya moja. Prosesa mbili zikigusa data ile ile kwa wakati mmoja, data huweza kuharibika. Suluhisho la kwanza lilikuwa jepesi: kuweka kufuli moja kuu, ili prosesa inayofanya kazi ndani ya kiini iwe nayo, na nyingine zingoje.

Kufuli hilo lilifanana na shule yenye ufunguo mmoja wa maabara, maktaba na ghala. Usalama upo, lakini mwalimu anayetaka kitabu humngoja mwenzake anayepima asidi, ingawa kazi zao hazigusani. Kadiri prosesa zilivyoongezeka, kungoja kuliongezeka. Ikawa lazima kila sehemu ya kiini ipewe kufuli lake dogo, na lile kuu liondolewe.

Hapo ndipo kimya cha viendeshi kilipogeuka kuwa kikwazo. Utaratibu wa kusogeza uliotumiwa kwa niaba ya kiendeshi kilichonyamaza ulikuwa unashika kufuli kuu. Viendeshi vingi havikuhitaji kusogeza hata kidogo, lakini kwa kuwa vilikuwa kimya, vyote vilipitishwa katika mlango huo. Kabla ya kuliondoa kufuli, ilibidi ijulikane ni kiendeshi kipi kinachoitumia kweli alama ya mahali, na ni kipi kilichonyamaza kwa sababu tu mwandishi wake hakulifikiria jambo hilo.

7. Marekebisho ya mwaka 2010

Kazi hiyo ilifanywa mwaka 2010 na Arnd Bergmann, mmoja wa watunzaji wa kiini cha Linux. Kanuni aliyoifuata ilikuwa kwamba pasiwepo kiendeshi chochote kinachokaa kimya kuhusu kusogeza. Kila jedwali lijazwe moja kati ya majibu matatu:

(a) Kiendeshi kinachoitumia alama ya mahali kiandikiwe wazi kwamba kinatumia utaratibu wa kawaida wa kusogeza.

(b) Kiendeshi kilichokwisha kutangaza wakati wa kufunguliwa kwamba hakisogezeki kiandikiwe wazi kwamba kinakataa. Programu inayoomba itarudishiwa kosa namba 29, ambalo hutumika pia mtu anapojaribu kusogea ndani ya mfereji unaounganisha programu mbili.

(c) Kiendeshi kisichoitazama alama ya mahali, lakini ambacho siku zote kilionekana kukubali, kiandikiwe kwamba kinapokea ombi bila kufanya lolote.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini liwepo jibu la tatu? Je, si uongo ule ule wa kipima joto? Ndiyo, ni ule ule. Lakini watunzaji wa Linux hushika kanuni kwamba mabadiliko ndani ya kiini yasivunje programu ambazo watu wanazitumia. Huenda ipo programu ya zamani ambayo huomba kusogea bila sababu ya maana, hupata jibu la kufaulu, na kuendelea na kazi yake salama. Ikianza kupewa kosa, itasimama, na mwenye nayo hatajua kilichotokea. Kwa hiyo tabia ya zamani ilihifadhiwa. Tofauti ni kwamba sasa imeandikwa mahali inapoonekana, na anayeusoma msimbo wa kiendeshi anajua kwamba hapo kuna jibu lisilo na kitu ndani yake.

Majedwali yaliyohusika yalikuwa katika mamia ya mafaili. Kuyahariri moja moja kwa mkono kungeleta makosa mapya. Badala yake ilitumika programu iitwayo Coccinelle, iliyobuniwa na watafiti wa Ufaransa na Denmark. Jina hilo ni la Kifaransa, na ni la mdudu mdogo mwenye madoa ambaye hula wadudu waharibifu wa mimea. Mtumiaji huieleza Coccinelle sura ya msimbo anaoutafuta na badiliko analolitaka, nayo hupita katika mafaili yote na kubadilisha kila panapofanana na maelezo hayo.

Baada ya kila jedwali kusema, iliwezekana kuigeuza kanuni yenyewe. Tangu toleo la 2.6.37, lililotolewa Januari 2011, kiendeshi kinachoiacha tupu nafasi ya kusogeza huhesabiwa kuwa kimekataa. Mwezi wa Mei mwaka huo huo lilitolewa toleo la 2.6.39, na humo kufuli kuu halikuwamo tena, baada ya miaka kumi na mitano. Mwaka 2024 hata jibu la (b) liliondolewa katika msimbo kama maneno ya ziada, kwa kuwa kukataa kumekwisha kuwa ndiyo maana ya kimya.

8. Hitimisho

Funzo la kwanza ni kwamba makubaliano kati ya sehemu mbili za mashine hayakamiliki kwa kueleza tu yanayosemwa. Lazima yaeleze pia maana ya yasiyosemwa. Funzo la pili ni namna ya kuchagua maana hiyo. Si lazima kila kimya kiwe kukataa, kama ilivyoonekana katika kufungua. Kipimo ni iwapo jibu linalotolewa kwa niaba ya aliyenyamaza ni la kweli. Kusema "imefaulu" kwa jambo ambalo halikufanyika si jibu la kweli, hata likiwa linamridhisha anayeuliza.

Funzo la tatu linahusu utaratibu wa kurekebisha. Kanuni haikugeuzwa kwa siku moja juu ya vichwa vya watu. Kwanza kila aliyekuwa kimya alifanywa aseme. Kisha maana ya kimya ikabadilishwa, wakati ambapo hapakuwa tena na aliyeitegemea maana ya zamani. Anayetaka kurekebisha utaratibu wowote unaotumiwa na wengi, uwe wa mashine au wa ofisi, atafaidika kwa kuukumbuka mpangilio huo.

9. Majaribio na maswali

Shule yenye kompyuta inayoendeshwa na Linux yaweza kufanya majaribio haya bila gharama wala hatari:

(i) Andika ls -l /dev/null na utazame namba mbili zilizo kabla ya tarehe. Herufi ya kwanza ya mstari ni c, yaani kifaa cha herufi. Linganisha na faili la diski ndani ya /dev, ambalo mstari wake huanza kwa b, yaani kifaa cha mafungu.

(ii) Andika wc -c < /dev/null. Eleza kwa nini jibu ni 0.

(iii) Andika head -c 16 /dev/zero | wc -c. Eleza kwa nini jibu ni 16, na ni nini kingetokea kama idadi ya baiti isingewekewa kikomo.

Maswali:

1. Faili lina baiti 9,000. Programu inaomba baiti 2,048 kila mara. Orodhesha majibu yote itakayopata mpaka mwisho.

2. Kila kipimo cha mvua katika faili kina baiti 8. Programu isogee mpaka baiti ya ngapi ili isome kipimo cha 250?

3. Kati ya vifaa hivi, taja vile ambavyo kusogeza kuna maana kwavyo, na utoe sababu: diski, kibodi, printa, kipima joto, kumbukumbu ya kuchomeka.

4. Mwandishi wa kiendeshi kipya cha kipima mwanga ameiacha tupu nafasi ya kusogeza. Eleza programu ingepata jibu gani kabla ya marekebisho ya mwaka 2010, na itapata jibu gani katika Linux ya leo. Jibu lipi ni salama zaidi kwa mtafiti, na kwa nini?